Pikapu ya Bodi Fupi

Lyle Kostal alipima bodi la nyuma la pikapu yake mara tatu, na mara zote tatu likatoka fupi. Futi tano na nusu. Akaisogeza tepu huku na huku, akaibana kwenye kona ya ndani kabisa kana kwamba kuna inchi zimejificha humo, kisha akaiachia ijirudishe yenyewe. Nyuma yake, uani, tela la kuishi walilolinunua lilikuwa limesimama kwenye miguu yake ya chuma, jeupe, refu kuliko nyumba waliyokuwa wakiihama, na pua yake pana imeinuka juu kama ng'ombe anayesubiri kufungwa nira.

"Ni ngapi?" mkewe, Arleta, aliuliza kutoka kwenye ngazi za jikoni.

"Inatosha."

"Sijakuuliza kama inatosha. Nimekuuliza ni ngapi."

Ilikuwa Jumanne. Jumamosi saa sita mchana walitakiwa wawe wametoka, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa ameiuza kwa watu wa kutoka Omaha, nao walishakuja mara mbili kupima madirisha wakati Arleta bado anapika humo ndani. Jumatatu asubuhi walitakiwa waripoti kazini Dakota ya Kaskazini, maili mia nne na sitini, kwenye mavuno ya bitiruti za sukari. Kampuni ilitoa mshahara wa mwezi mmoja, na pia mahali pa kuegesha tela, pamoja na maji na umeme. Baada ya mwezi huo, wangejua huko huko. Kati ya Jumamosi na Jumatatu lazima kipatikane kitu cha kuiunga pikapu ile na tela lile, na kitu hicho ndicho kilichokuwa kimeivuruga nyumba kwa wiki mbili.

Tela la namna ile halifungwi kwenye bampa. Linaegemea mgongoni mwa pikapu: pini yake nene inazama kwenye kiungio cha chuma kilichokazwa katikati ya bodi. Bodi likiwa refu, hakuna neno. Likiwa fupi, siku utakayokata kona kali, pembe ya tela itazunguka na kuja kukugongea kisogoni.

Arleta alishuka ngazi akiwa na karatasi zake. Alikuwa amesoma kila kitu kilichoandikwa juu ya viungio, maana alifanya kazi ya maktaba ya shule kwa miaka kumi na tisa na hakuamini jambo lisilo na maandishi.

"Viko vya aina tatu," alisema.

"Najua viko vingapi."

"Kipo kisichosogea. Kipo cha kuteleza: unasimama, mtu anashuka, anavuta kishikio, kiungio kinarudi nyuma, ndipo unakata kona. Na kipo kinachojisogeza chenyewe. Hicho ni elfu mbili na mia sita. Cha kuvuta kwa mkono ni elfu moja na mia mbili. Tuchukue cha kuvuta kwa mkono, yaishe."

"Hapana."

"Hapana kwa nini?"

"Kaka yako Merl ana chake amekiweka tu gereji. Mia mbili."

"Cha Merl hakisogei, Lyle. Na pikapu ya Merl ilikuwa ya bodi refu."

"Nimeendesha malori ya nafaka miaka thelathini na mmoja. Unadhani sijui kukata kona?"

"Lori la nafaka halina choo na kitanda nyuma yake."

"Arleta, mama, niache nifanye kazi moja bila kusomewa karatasi!"

Aligeuka, akaiweka tepu mfukoni kwa mkono wa kushoto. Sasa kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto. Mwezi wa pili alikuwa ameteleza kwenye barafu akishuka lorini, akaning'inia kwa mkono wa kulia, na kitu kikakatika ndani ya bega kwa mlio alioweza kuusikia. Hakusema. Mwezi wa tatu ushirika wa nafaka ukaunganishwa na mwingine mkubwa, madereva wanane wakaachishwa, na bima ya matibabu ikaondoka na kazi. Hapo kusema kukawa hakuna maana. Fomu ya kazi ya bitiruti iliuliza: je, unaweza kuinua ratili hamsini? Aliweka alama kwenye ndiyo. Kusukuma kopo la rangi kwenye rafu kulimtoa machozi, na kishikio cha kiungio cha kuteleza, kama alivyowahi kuona, huvutwa kwa nguvu za mtu mzima, mkono ukiwa umenyooshwa juu ya ukuta wa bodi.

Kwa sababu hiyo hiyo alikuwa akilala kwenye kochi tangu mwezi wa pili. Kitandani Arleta alikuwa na tabia ya kumwegemea upande wa kulia. Alimwambia kwamba anatazama televisheni na hataki kumsumbua. Arleta alikubali, akaacha kuuliza, na moyoni mwake akahitimisha kwamba mumewe amemchoka.

*

Alhamisi asubuhi Merl alikuja na kiungio chake, akakifunga. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyependa kuita kila kitu fursa. Lyle alimshikia taa.

"Shemeji, kamata hapa nikaze," Merl alisema akiwa chini ya gari.

"Kaza tu, nimeshika kwa huku."

"Umeshika nini? Mbona bado kinacheza?"

"Kaza, bwana!"

Arleta alileta kahawa na maandazi ya kolachi yenye mbegu za popi, akaviweka juu ya bampa. "Mia mbili," alimwambia kaka yake. "Bei ya shemeji ingekuwa bure."

"Bure ni bei ya dada. Ungekuja wewe kukinunua, ningekupa bure," Merl alisema, akacheka peke yake.

Walilipeleka tela kwenye uwanja wa kokoto nyuma ya maghala ya nafaka, kwa sababu palikuwa na nafasi. Kwa bahati mbaya palikuwa na watu pia. Wastaafu watano waliokuwa wakinywa kahawa kila asubuhi kwenye ofisi ya mizani walitoka na vikombe vyao, wakajipanga ukutani. Wote walimjua Lyle. Wawili walikuwa wamefanya kazi naye.

"Kostal amekuwa mhamaji!" mmoja alipaza sauti. "Unatuachia mji?"

"Nitawatumia kadi," Lyle alijibu kupitia dirishani.

Alienda mbele vizuri. Akakata kushoto kwa upana, vizuri. Arleta alikuwa amesimama pembeni, mikono juu, tayari kumwongoza, lakini Lyle hakumtazama hata kidogo. Kisha akarudi nyuma ili aliingize tela kati ya mapipa mawili, kama angetakiwa kufanya huko kwenye kambi ya mavuno. Likaenda upande. Akalinyoosha. Likaenda tena. Kuzungusha usukani haraka kulihitaji mikono miwili, naye alikuwa na mmoja na kiganja cha mwingine. Akazidisha kona.

"Simama!" Arleta alipiga kelele. "Lyle, simama! Simama!"

Ulisikika mlio kama wa chupa nyingi zinazomwagwa kwenye pipa. Pembe ya tela ilikuwa imeingia kwenye kioo cha nyuma cha kebini, na paa la kebini limebonyea juu ya kisogo cha Lyle. Alibaki ameshika usukani. Chembe za kioo zilikuwa zimejaa kwenye kola yake na masikioni.

Mmoja wa wazee alisema taratibu, "Ai." Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Arleta alifika mlangoni akihema. "Umeumia?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nimepiga kelele mpaka..."

"Ulichelewa!"

"Nilichelewa?" Sauti yake ilipanda, kisha akaona vikombe vimesimama ukutani, akaishusha. "Hukunitazama hata mara moja. Nimesimama pale na mikono hewani kama kinyago cha shambani, mume wangu hanitazami."

Merl alikuwa akizunguka pikapu, mikono mfukoni. "Kiungio chenyewe hakina kosa," alisema. "Kimeshika vizuri sana."

"Chukua kiungio chako, Merl."

"Shemeji, ile mia mbili nimeshaitumia..."

"Chukua, na mia mbili kaa nayo! Ondoka tu mbele yangu."

Arleta alifagia vioo kwa ufagio alioazima ofisi ya mizani. Yule mzee aliyemwazima alimwambia kwa wema, "Pole, Arleta. Umri huo huja kwetu sote." Alimshukuru, na akamchukia kwa muda wote aliokuwa akifagia.

*

Ijumaa walikwenda Lincoln na pikapu yenye nailoni iliyobandikwa kwa gundi mahali pa kioo. Barabara nzima nailoni ilipiga makofi nyuma yao. Lyle alikuwa ameuza bunduki yake ya kuwindia kwa jirani asubuhi ile, saa moja, kabla Arleta hajaamka. Alipomwambia, wakiwa tayari njiani, Arleta alimkodolea macho.

"Ile ya baba yako?"

"Tutachukua kinachojisogeza chenyewe. Pesa inatimia."

"Jana ulikuwa hutaki kutumia zaidi ya mia mbili. Leo unauza bunduki ya marehemu ili ununue cha bei ya juu kuliko vyote. Nieleze."

"Nimebadilisha mawazo. Mtu haruhusiwi?"

Fundi wa duka la matela alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi aliyeitwa Yesenia, mwenye ovaroli la buluu na nywele zote zimezungushwa kwenye kalamu juu ya kichwa. Alitazama nailoni, akatazama paa lililobonyea, na hakuuliza. Kwa hilo Lyle alimpenda. Lakini badala ya kwenda kwenye rafu ya viungio, Yesenia alifungua mlango wa dereva, akachutama kusoma kibandiko cha njano kwenye fremu.

"Watu na mizigo, ratili elfu moja mia tisa na kumi," alisema. "Hapo ndipo tunaanzia. Tela lenu likijaa, pini itaulalia mgongo wa gari kwa ratili kama elfu moja na mia tatu. Mzee, wewe una uzito gani?"

"Mimi? Mia mbili na kumi."

"Na wewe mama? Samahani kwa kuuliza."

Kulikuwa na wateja wengine wawili kaunta, hatua chache kutoka kwenye pikapu. Arleta aliusogeza mkoba wake mbele ya tumbo. "Mia moja na sabini," alisema kwa sauti ya chini.

"Ngapi, mama? Kompresa inapiga kelele."

"Mia moja na sabini!"

Yesenia aliandika kwenye kiganja chake. "Kiungio cha kujisogeza kina ratili mia tatu. Jumla ni elfu moja mia tisa na themanini. Mmezidi kwa sabini. Siwezi kuwauzia."

"Pesa ninayo," Lyle alisema.

"Si pesa, mzee. Ni gari. Ekseli haijui una pesa."

"Dada, nimeendesha malori miaka thelathini na mmoja. Ratili sabini ni mbwa. Ni mbwa mmoja tu."

"Basi ndiye mbwa atakayewapasulia tairi katikati ya barabara kuu. Siwezi."

"Hakuna kingine?"

"Kuna kichwa cha kubadilisha kwenye tela lenyewe, kinachosogeza pini. Kwa tela lenu lazima niagize. Siku kumi."

"Kesho saa sita hatuna nyumba," Arleta alisema, kwa namna ambayo mtu hutaja saa ya basi.

Yesenia alitazama tena hesabu ya kiganjani. "Basi kipo cha kuvuta kwa mkono. Ratili mia mbili. Jumla yenu ni elfu moja mia nane na themanini, mnabakiwa na thelathini. Vitu vizito vyote visikae mbele ya tela, hasa maji. Reli za kukishikia tayari zimo kwenye bodi, nakifunga sasa hivi, saa moja tu. Na bei ni nusu."

"Ndicho nilichosema Jumanne," Arleta alisema. "Jumanne! Mungu wangu, Lyle, kioo, bunduki, mia mbili za Merl, halafu tunarudi pale pale niliposema Jumanne."

Lyle alitazama sakafu. Kisha akamwashiria Yesenia kwa kidevu akifunge.

Saa moja baadaye kiungio kipya kilikuwa ndani ya bodi, cheusi, kinanuka grisi. Yesenia aliruka chini. "Haya mzee, jaribu kishikio nikuone. Simama hapo ubavuni, ingiza mkono, vuta kuelekea kwako mpaka kifunguke. Kipya huwa kigumu kidogo."

Lyle aliuingiza mkono wa kushoto. Alikuwa amesimama upande ambao mkono huo haukufika vizuri. Akavuta. Hakikusogea.

"Tumia wa kulia, huo umeukunja vibaya," Yesenia alisema.

"Uko sawa huu."

"Mzee, huko barabarani utakuwa na magari yanakupigia honi. Tumia wa kulia."

Akauinua wa kulia kwa kuusukuma na wa kushoto chini ya kiwiko, kama mtu anayenyanyua kitu kisicho chake. Alikishika kishikio. Akavuta. Sauti iliyomtoka haikuwa neno. Akayumba, na kama Yesenia asingemdaka kiunoni, angeanguka mbele ya kaunta.

Kompresa ilizima yenyewe wakati ule ule, na duka zima likawa kimya.

"Ni nini?" Arleta alikuwa amekwisha mfikia. "Lyle, ni nini? Ni moyo?"

"Bega."

"Bega gani? Tangu lini?"

"Niache nikae."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa pili. Nilianguka lorini." Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Limekatika kitu. Halipandi."

Arleta alisimama bila kusogea. Wateja wawili waligeukia rafu ya balbu, wakaanza kuzisoma kwa makini.

"Mwezi wa pili," alisema. "Mwezi wa pili ndipo ulipohamia kwenye kochi."

Lyle alifuta jasho kwa mkono wa kushoto.

"Miezi saba nimelala peke yangu nikifikiri umenichoka. Nilinunua gauni la kulalia, Lyle! Nilikwenda mpaka Fremont nikanunua gauni la kulalia kama mjinga, ukaniambia usiku mwema ukaenda kwenye televisheni. Kumbe ni bega?"

"Arleta, kuna watu."

"Najua kuna watu! Wameshausikia uzito wangu, wasikie na hili!"

Yesenia alijifanya kufuta grisi kwenye spana ambayo haikuwa na grisi.

"Ningekwambia, ungesema twende hospitali," Lyle alisema polepole. "Bima hatuna. Halafu ungesema tusiende Dakota. Tusipokwenda Dakota, tunalala wapi? Kwa Merl?"

Hilo lilikuwa ndilo jambo lililomkasirisha Arleta kuliko yote, kwamba kweli angesema hivyo, na kweli wasingekuwa na pa kulala. Aliuweka mkoba chini, akapandisha mikono ya sweta, akasimama kando ya bodi. Akaingiza mkono na kuvuta. Mara ya kwanza, hapana. Akauweka mguu kwenye tairi, akavuta tena kwa mwili mzima, na kishikio kikafunguka kwa mlio mkavu.

"Tunakichukua," alimwambia Yesenia.

*

Waliondoka Jumamosi saa tano na nusu. Watu wa Omaha walikuwa wameshaegesha barabarani, wakisubiri saa sita ndani ya gari lao kwa adabu.

Njiani, kila walipoingia kituo cha mafuta chenye kona ya kubana, Lyle alisimama, akakaza breki za tela, na Arleta akashuka. Alivuta kishikio, akapiga ubavu wa bodi mara mbili, Lyle akasogea mbele kidogo mpaka kiungio kikateleza nyuma na kujifunga, Arleta akapanda. Wakitoka, hivyo hivyo kinyume chake. Mvua ilianza Dakota ya Kusini. Kwenye kituo karibu na Watertown dereva mmoja wa lori, kijana mwenye kofia yenye nembo ya mashine za kilimo, alimtazama Arleta akipigana na kishikio katika mvua, akamtazama Lyle aliyekaa kavu nyuma ya usukani.

"Mzee, una bahati!" alipaza sauti. "Wangu hafungui hata mlango wa friji!"

Lyle alitabasamu nusu. Arleta alipopanda, maji yakimchuruzika kwenye nyusi, alisema, "Ungemwambia."

"Nimwambie nini mtu wa njiani?"

"Mtu wa njiani humwambii. Mimi hukuniambia. Na Jumatatu, msimamizi utamwambia?"

"Nikimwambia atatufukuza."

"Usipomwambia atakupa koleo."

"Nitashika koleo kwa kushoto."

"Saa kumi na mbili kwa siku? Chini ya mashine? Na malori yanarudi nyuma huku wewe mkono hauinuki hata kumpungia dereva?"

"Sasa unataka nifanye nini, Arleta? Niambie. Wewe umesoma karatasi zote. Niambie karatasi inasemaje."

Hakukuwa na karatasi juu ya hilo. Alitazama nje, akawasha kipasha joto kuelekea miguuni, na nailoni ikaendelea kupiga makofi.

Kambini walifika Jumapili mchana. Nafasi yao ilikuwa katikati ya matela mengine mawili, na wenye matela walikuwa wamekaa kwenye viti vya kukunja, kofia za sufu kichwani, wakitazama kila anayeingia kama watu wanaotazama mpira. Lyle alisimama. Arleta alishuka, akavuta kishikio, akaenda nyuma na kuinua mikono. Lyle alitoa kichwa dirishani. Alifuata mikono ile, kulia, kulia, basi, nyoosha, na tela likaingia mara ya pili. Mmoja wa majirani alipiga makofi. Arleta hakucheka, lakini alipokuwa akichomeka umeme mikono yake haikuwa na hasira tena. Ilikuwa imechoka tu.

*

Jumatatu kabla ya saa moja wafanyakazi wapya hamsini walisimama kwenye uwanja wa matope. Mashine kubwa ya kurundika bitiruti ilikuwa imeinua shingo yake juu ya rundo la kwanza. Msimamizi, Brock Aasen, mtu mwembamba mwenye midomo iliyopasuka kwa upepo, aliita majina, akagawa kofia ngumu, fulana za rangi ya chungwa na makoleo.

"Akina Kostal! Mashine namba mbili, nyote wawili. Mama anaongoza malori yakirudi nyuma, mzee anasafisha chini ya mkanda unaopandisha bitiruti. Lori likimwaga, udongo na bitiruti zinaanguka, unazitoa haraka kabla ya lori linalofuata. Sawa?"

"Sawa," Lyle alisema.

Alilipokea koleo kwa kushoto. Arleta alikuwa karibu naye, fulana yake ikiwa kubwa mno, akitazama mbele. Alikuwa ameshaamua usiku kwamba hatasema. Aliona kwamba akisema yeye, mumewe hatamsamehe, na akinyamaza, yeye hatajisamehe. Na kati ya hayo mawili alichagua lile ambalo angelibeba mwenyewe.

Lori la kwanza likarudi nyuma. Arleta aliliongoza kama alivyofundishwa nusu saa iliyopita, na likamwaga. Bitiruti zikaporomoka, nzito, kila moja kama kichwa cha mtoto. Lyle aliingia chini ya mkanda. Alibana mpini wa koleo kwapani na kusukuma kwa kushoto. Alitoa tatu. Akatoa mbili. Lori la pili lilikuwa tayari linalia kengele ya kurudi nyuma. Arleta aliinua mikono miwili, akalisimamisha, akakimbia, akachukua koleo lake lililoegemea ukingoni, akaingia chini ya mkanda kando ya mumewe, akaanza kuchota sehemu yake na ya Lyle. Dereva akapiga honi. La tatu likajipanga nyuma yake.

"Toka," Lyle alimwambia. "Kaongoze magari."

"Chota!"

"Arleta, toka chini ya hii kitu."

"Chota, Lyle, anatutazama!"

Alikuwa na tope mpaka kwenye meno. Lyle alimtazama akichota, mwanamke wa miaka sitini na moja, amekunja mgongo chini ya mkanda unaopita inchi chache juu ya kofia yake, na hakuna mtu anayemzuia dereva wa lori pale nyuma. Akaliacha koleo likaanguka. Alitoka, akainua mkono wa kushoto kumsimamisha dereva, akatembea katika matope mpaka kwa Brock Aasen.

"Bega langu la kulia ni bovu," alisema. "Limekatika tangu mwezi wa pili. Niliandika uongo kwenye fomu."

Brock alimsogelea ili amsikie vizuri. Upepo ulikuwa ukivuma. "Bovu kiasi gani?"

Lyle alijaribu kuuinua mkono. Ulifika kiunoni.

"Ah, mzee!" Brock alivua kofia, akaivaa tena. "Mzee, kwa nini mnanifanyia hivi? Kila mwaka ninaye mmoja. Mwaka juzi alikuwa mgonjwa wa moyo. Unajua ingekuwaje kama ungeangukia pale chini?"

"Najua."

"Siwezi kukuweka. Hata mlangoni siwezi kukuweka, watu wa bima wataniuliza."

"Na mke wangu?"

"Mama yuko vizuri. Abaki akitaka. Nafasi ya tela inakwenda na mfanyakazi, mmoja anatosha. Lakini mshahara ni wake peke yake." Alipapasa mfukoni. "Kuna zahanati mjini, wanawatazama watu wa mavuno kwa bei ya kipato. Nitakupa namba. Vua fulana, tafadhali. Naihitaji."

Kuivua fulana lilikuwa jambo gumu. Alikwama katikati, mkono mmoja juu, mbele ya malori manne yaliyosubiri. Arleta alikuja, akamtoa mkono mmoja kisha wa pili kama anavyovuliwa mtoto, akaikunja fulana na kumpa Brock.

"Nitarudi jioni," alimwambia mumewe. "Kuna viazi kwenye sanduku la chini."

Akageuka, akaliita lori.

Lyle alirudi kwenye tela. Alipiga simu zahanati, akapewa Jumatano. Alimenya viazi kwa mkono mmoja kwa kuvikandamiza ubaoni, akakata nusu yake vibaya, akapika supu na soseji, akaionja, akaongeza chumvi. Kutoka dirishani aliweza kuona mashine namba mbili na kitone cha rangi ya chungwa kikienda mbele na nyuma. Alikitazama zaidi ya alivyotazama sufuria.

Saa kumi na mbili na nusu mlango ulifunguka. Arleta alikaa kwenye ngazi ya ndani, akashindwa kupanda ya pili. Uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Madereva wale," alisema, "mmoja tu ndiye anayejua kioo cha pembeni ni cha nini."

"Uliwaambiaje?"

"Nimewaambia mambo ambayo sikuwahi kuyasema maktaba."

Lyle alipiga magoti mbele yake, akakishika kiatu cha kulia kwa mkono wa kushoto, akavuta. Hakikutoka. Tope lilikuwa limekigandia mpaka kwenye kifundo.

"Acha, nitavua mwenyewe."

"Kaa."

"Utajiumiza, Lyle."

"Naumia," alisema. "Linauma sana. Kaa."

Akavuta tena, na kiatu kikatoka pamoja na soksi, na Lyle akaketi chini kwa kishindo nacho kifuani, katikati ya sakafu nyembamba ya tela. Arleta aliunyoosha mguu wake mtupu, uliokunjamana kwa maji, akaupumzisha juu ya goti la Lyle.

"Bado mmoja," alisema.

"Najua," Lyle alijibu, akajisogeza karibu.